Siku Nne za Maige

Maige alikuwa mkulima wa mahindi na pamba katika kijiji kimoja magharibi ya Kahama, pale mashamba yanapoishia na pori kuanza. Alikuwa na mke, Juliana, na watoto wanne, mkubwa wao Eliya. Hakuwa mwindaji wa kujisifu. Ila kila mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe pori walivamia shamba na kulala humo kama kwao, na mtu mwenye watoto wanne hawezi kuyaangalia hayo akanyamaza.

Silaha ilikuwa ya jirani yake, Boaz. Lilikuwa gobole, bunduki ya kienyeji iliyofuliwa na mhunzi, haina kibali wala namba. Baruti Boaz aliipata kwa wachimba dhahabu. Risasi zilikuwa vipande vya nondo. Gobole halina kifungio cha usalama. Ukishavuta nyundo yake, kinachozuia lisilipuke ni kidole chako na Mungu.

Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa 2019, walitoka watatu: Maige, Boaz, na Mabula, mdogo wake Juliana. Mabula alibeba mkuki tu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

"Shemeji, leo ukikosa tena, nyama utaila kwa macho," Mabula alimtania.

Walimkuta nguruwe ukingoni mwa shamba. Maige akavuta nyundo, lakini mnyama akatumbukia korongoni kabla hajalenga. Hapo ndipo alipaswa kuirudisha nyundo taratibu, mtutu ukiwa umeelekea chini. Hakufanya hivyo. Tena wawindaji wa huko wana desturi kwamba mwenye bunduki hutangulia, asiwe na mtu mbele yake. Lakini Mabula alishaona nyayo kwenye tope, akaruka mbele. Maige akamfuata kushuka korongo, nyundo ikiwa juu. Udongo ukateleza chini ya mguu wake.

Moshi ulipopungua, alimwona Mabula ameketi kwenye tope, ameshika paja kwa mikono yote miwili.

"Maige, umenipiga."

Walimfunga paja kwa shati. Boaz akalitupa gobole vichakani, akamvua Mabula suruali iliyoungua kwa baruti, akamzungushia shuka.

"Tukisema bunduki, zahanati watataka PF3, ile fomu ya majeruhi," alisema. "PF3 inatoka polisi. Tutafungwa wote. Tuseme nguruwe kamrarua."

Maige alimtazama shemeji yake.

"Semeni nguruwe," Mabula alisema huku meno yakigongana. "Wewe ukifungwa, dada yangu atabaki na nani?"

Basi wakasema nguruwe. Mganga wa zahanati alisafisha kidonda kwa juu, akakishona, akamdunga sindano ya pepopunda, akawaambia wakiona homa wampeleke hospitali ya mjini bila kuchelewa. Vyuma vikabaki ndani, ngozi ikafungwa juu yake.

Siku ya pili mguu ulivimba. Boaz alisema anakwenda machimboni upande wa Geita kutafuta kibarua, akaondoka na begi lake, na hadi leo hakuna aliyemwona. Limi, mke wa Mabula, alitaka mumewe apelekwe mjini. Mabula mwenyewe akakataa, akasema kidonda kitapoa. Aliogopa kwamba huko watakifungua.

Siku ya tatu Limi alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Shemeji, ni jino la nguruwe gani linaloacha tundu dogo hivi?"

"Meno yao yana sumu," Maige alimjibu. "Wazee wanasema."

Kila siku alikwenda kuketi kando ya kitanda kile, na kila siku alitoka nyumbani akiwa ameazimia kusema. Akifika, Mabula alikuwa akimtikisia kichwa kidogo, asiseme. Naye akashukuru kukatazwa. Hilo alikuja kulikiri mwenyewe baadaye, na alilitamka kwa shida kuliko mengine yote.

Siku ya nne, saa sita mchana, Juliana alirudi kutoka kumpelekea mdogo wake uji. Kibuyu kilikuwa bado kimejaa. Akaketi chini bila kukitua.

"Baba Eliya, Mabula hanitambui tena. Anarudia neno moja tu, 'Maige, umenipiga.' Anasema nini?"

Maige akamwambia yote. Juliana hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Twende kwa mtendaji. Sasa hivi. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Mtendaji wa kijiji akapiga simu polisi, gari likapatikana, na jioni Mabula alikuwa hospitalini. Madaktari walimfungua paja, wakatoa vipande vitatu vya nondo. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

"Mngemleta siku ya kwanza..." daktari alimwambia Juliana, asimalizie.

Mabula alifariki alfajiri. Maige aliipata habari mahabusu, kutoka kwa askari aliyekuwa akigawa chai.

Mahakamani alikiri yote, kuua bila kukusudia na kutumia silaha isiyo na kibali. Alifungwa miaka mitatu. Aliporudi, Juliana alikuwa bado kwake, mikono imekuwa migumu kwa jembe. Alimpokea, akampikia, akamtandikia. Wiki kadhaa zikapita kabla hajasema lolote kuhusu mdogo wake.

"Ule mlipuko nilikusamehe siku ileile," alisema. "Mtu huteleza. Zile siku nne ndizo sijui nizisamehe vipi."



Mwaka jana serikali ilitangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Mtendaji akaitisha mkutano, akamwomba Maige azungumze. Maige alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akawaeleza habari ya nyundo, ya korongo na ya shuka. Alipofika kwenye siku ya tatu, Limi aliyekuwa ameketi na akina mama aliinuka, akakung'uta nguo yake, akaenda zake. Maige alisita, akamwangalia mpaka alipopotea nyuma ya nyumba, kisha akaendelea.

Kesho yake asubuhi mtendaji alikuta magobole mawili yameegemezwa mlangoni mwa ofisi, hayana jina la mtu. Moja lilikuwa na baruti na vyuma ndani, nyundo imevutwa. Aliwafukuza watu wote uani, akawaita polisi, akasimama mbali kuwasubiri.