Kimya na Dirisha la Meneja

Hii hamtaiamini, wala sitawalaumu. Hata mimi, mtu niliyeona mengi kuliko walimu wote walionifukuza darasa la sita, nilimtaka dada yangu anisimulie mara tatu. Sasa naandika nikiwa nyumbani kwake, nikitamka kila neno kwa midomo ili lisinitoroke.

Kiwandani dada yangu walimwita Kimya. Nyumbani jina hilo lingemchekesha paka, maana ulimi wake ni wembe. Lakini miaka kumi na tisa alisimamia mashine nne za kufuma nguo, ukumbini mwenye kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Humo sauti haifai kitu. Wafumaji husemezana kwa midomo mitupu, wakisomana kutoka ukuta hadi ukuta: mtoto ana homa, msimamizi anakuja, jana ulinunia nini. Wakubwa wa ofisini hawakulijua hilo. Wangelijuaje, na humo hawakukaa hata muda wa kupiga chafya?

Vumbi la pamba lilipommaliza mfumaji wa tatu mwaka ule, watu waligoma. Walitaka feni za kunyonya vumbi, basi. Kimya aligoma huku mumewe, mfumaji mwenzake, yuko kitandani, kifua kikilia kama bawaba mbovu. Chumba walichokaa kilikuwa cha kampuni. Dawa, za zahanati ya kampuni.

Wiki ya tano meneja akamwita peke yake. Wenzake waliachwa uani, juani, nyuma ya dirisha kubwa la kioo.

"Kaa, mama," meneja alisema, akamsogezea karatasi. "Wenzako wote wamekubali kurudi kazini. Umebaki wewe. Tia saini, mgonjwa apate dawa leo. Ukikataa, Jumamosi nataka chumba changu."

"Wote?"

"Wote. Hata yule rafiki yako mnene."

Kimya akashika kalamu. Karatasi hakuiona, alimwona mumewe akiitafuta pumzi kama mtu aliyeangusha sindano gizani. Kama mgomo umekwisha, amgomee nani? Akainama. Kisha, kwa mazoea tu ya mfumaji, ambaye hakai bila kuinua macho kutazama uzi uliokatika, akatupa jicho dirishani.

Rafiki yake mnene alikuwa anamkodolea. Midomo ikaenda polepole: *Msimamizi anasema umesaini. Kweli?*

*Bado. Nyie?*

*Hata mmoja. Usituache, mwenzangu.*

Meneja alimwona mama wa watu anachezesha midomo, akadhani anasali. Akangoja kwa adabu.

Kimya aliilaza kalamu juu ya karatasi. "Bwana meneja, yule mnene anakusalimu. Anasema hajasaini kitu."

Jumamosi godoro lilikuwa nje. Wafumaji walimbeba shemeji yangu juu yake, wakipokezana pembe nne, hadi chumba cha yule mnene, ambacho tayari kililala watu sita. Walichanga uji, walichanga zamu za kumkalisha apumue. Dawa haikuchangika. Siku ya kumi na moja alimwangalia mkewe, midomo ikacheza bila sauti. Alichosema, dada hajaniambia, nami, mdomo wangu wote huu, sijamuuliza.

Feni zilifungwa mwezi uliofuata. Zinavuta vizuri, anasema Kimya. Siku nyingine akiwa chini ya feni hizo huinua macho kuitazama mashine iliyokuwa ya mumewe, akataka kusema jambo, akakuta mtu mwingine.

Lakini maziko! Maziko yale hayajawahi kuonekana! Watu elfu kumi walifuata jeneza, meneja mwenyewe analia, na mbele yao wote ni mimi, nimelibeba begani peke yangu, mwendo wa saa nz—

"Kaka," anasema Kimya kutoka upande wa pili wa chumba, macho kwenye midomo yangu. "Tulikuwa arobaini na mmoja. Na wewe ulibeba jembe."