Jibu la Kufunga Msimu

Kwa miaka tisa kompyuta ya ghala la chai la Asiatique iliuliza maswali yake kwenye skrini na Mzee Moubarak peke yake akajibu. Vita vilipopungua akaja Lisette, fundi kijana wa kompyuta, na programu iliyokaa kati ya kompyuta na mtu, ikisoma kila swali na kulijibu kama mtu. Moubarak aliona wivu kama mke aliyeletewa mwenza.

Lakini swali la kufunga msimu huja mara moja kwa mwaka, na jibu lake alilificha, kama mafundi wa zamani walivyoficha siri ya kazi mpaka waombwe kwa adabu. Siku hiyo programu ikakwama.

"Papa Moubarak, hapa tunajibu nini?"

"Sogea, mutoto. Mashine yako imekuwa bubu?"

Akafunika kibodi kwa kofia, akaandika. Kompyuta ikakubali.

"Aksanti, papa," Lisette akacheka. "Ulichoandika kimepita kwa programu kwanza, nayo imekihifadhi. Mwaka kesho itajibu yenyewe."

Moubarak akatoka bila kuaga.