Bunduki ya Baba Mkwe

Mwanangu, umeniuliza ununue bunduki gani, moja itakayokufaa uwanjani kwenye kulenga visahani na porini kutafuta kanga msimu wa uwindaji ukifunguliwa. Nitakujibu, lakini niruhusu nianzie mbali kidogo. Kila ninaposhika bunduki hunirudia siku moja ya ujana wangu, siku niliyompeleka mshenga Mbagala akazungumze habari za shotigani.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mimi na Zuhura tumepanga Kimara. Baba yake, Mzee Mwinshehe, alikuwa fundi wa suti, na kibaraza cha nyumba yake Mbagala ndicho kilichokuwa karakana yake. Akitoka kwenye cherehani, mapenzi yake yote yalikuwa kwenye shotigani yake ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Bunduki ya namna hiyo hairushi risasi moja. Inarusha marisau, punje ndogondogo zinazotawanyika hewani. Jumamosi alinichukua uwanjani, nje ya mji, ambako mashine hurusha visahani vya udongo nawe unajaribu kuvipasua vikiwa angani. Yeye alivipasua. Mimi nilivisindikiza kwa macho vikienda kutua salama kwenye majani.

Bega lake lilikuwa limeanza kumsumbua, na siku moja akaniambia, "Mwanangu, hii nataka iwe yako. Wanangu wa kiume wanapenda mpira tu. Mwezi ujao tuanze taratibu za kibali, iandikwe jina lako."

Nikasema, "Nashukuru sana, baba."

Ningesema nini? Mkwe akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Kuuliza kama kitakufaa ni kama kumwambia zawadi yake ina kasoro.

Lakini mimi jambo likinishinda hulizunguka mpaka nijue kwa nini. Bunduki ileile, uwanja uleule, yeye anapata, mimi nakosa. Nilitaka kujua kisa. Nikamwomba tutundike karatasi kubwa yenye nukta katikati. Akafyatua yeye, matundu yakaizunguka nukta kama nzi kwenye embe lililoiva. Nikafyatua mimi kutoka palepale, matundu mengi yakakaa juu ya nukta. Nikarudia. Juu tena. Nikajiambia, mkono unaotetemeka hukosea huku na huku; huu unakosea upande mmoja tu, basi tatizo si mkono.

Jioni, sebuleni kwake, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa na sote wawili, niliiweka begani nimefumba macho, kisha nikayafumbua. Hapo ndipo nilipoona. Mkwe wangu alikuwa mtu mfupi, wa shingo fupi na mikono mifupi. Kitako cha bunduki, ile mbao inayokaa begani na kupokea shavu, kilikuwa cha mwili wake. Mimi shavu likitulia kwenye mbao, jicho liliona chuma cha nyuma tu. Ili nione mbele, nilikuwa nainua kichwa bila kujua, na kichwa kikipanda marisau nayo yanapanda. Nikaelewa pia kwa nini kidole gumba changu kilikuwa kinanigonga pua kila nikifyatua: kitako kilikuwa kifupi mno kwangu.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Halafu furaha ikakatika. Porini watu hutembea kwa mstari, vichaka vimewatenganisha, na kanga akiruka unafyatua kabla hujafikiri. Bunduki isiyopiga pale jicho linapotazama ingeweza kumpata mwenzangu. Na nilikuwa karibu kuandikishwa kuwa mwenye bunduki hiyo.

Kumwambia mkwe nilishindwa. Nikaenda kwa Mzee Kombo, aliyekuwa mshenga wangu nilipoposa.

"Mie kazi yangu iliisha ndoa ilipofungwa," akasema. "Sasa bunduki nayo inaposwa?"

"Nisaidie, mzee wangu. Mimi siwezi kumtamkia."

Akavaa kanzu yake ya shughuli, tukaenda. Mzee Mwinshehe alipomwona mshenga anaingia kibarazani na kanzu, mkasi ukamtoka mkononi. Akaita ndani, "Mama Zuhura! Acha hilo jiko, njoo! Mshenga kaja!" Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Binti yangu kakukosea nini?"

"Binti hana kosa," akasema Mzee Kombo, akikohoa taratibu kama yuko mbele ya wazee wa posa. "Tumekuja kwa habari ya bunduki."

"Bunduki! Kampiga nani?"

"Bado hajampiga mtu. Ndiyo maana tumekuja mapema."

Ikabidi niseme mwenyewe, macho chini, yote: karatasi, kichwa kupanda, pua. Mkwe akanisikiliza mpaka mwisho. Sikujua kama atanifukuza. Akasema, "Wateja wangu suruali ikiwabana, wanarudi siku hiyohiyo kunigombeza. Wewe kitu kinachoweza kuua mtu, unaninyamazia kwa heshima? Heshima gani hiyo?"

Akavua tepu shingoni, akanikunja mkono, akapima kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Akaichukua bunduki, akapima kitako. Akaanza kucheka mpaka akakaa. "Mama Zuhura, njoo uone! Miaka yote napima watu, huyu nimempa koti la mtoto!"

"Sasa posa imekubaliwa au imekataliwa?" akauliza Mzee Kombo.

"Imekataliwa. Kunywa chai yako, mshenga."

Nilipokwenda dukani kuchagua yangu, Mzee Mwinshehe alikuja na tepu shingoni. Muuzaji alidhani tumepotea njia. Na kanga wa kwanza niliyempata kwa bunduki hiyo aliliwa Mbagala, mkwe akatafuna punje ya risau, akaitema kiganjani, akaniambia, "Sasa unatazama unapopiga."

Basi sikiliza, mwanangu. Usianze na jina la kiwanda wala urembo wa chuma. Anza na mwili wako: iweke begani umefumba macho, ufumbue, na jicho likute njia ya kwenda mbele bila shingo kuhangaika. Kisha uione karatasini kabla hujalipa, kama uwanja utakuruhusu. Kwa kazi zote mbili, mimi ningechukua mitutu miwili iliyopandana, ya urefu wa wastani. Nzito sana itakutuliza bega uwanjani lakini porini itakuchosha kabla ya adhuhuri. Tafuta yenye midomo ya kubadilisha kwenye ncha za mitutu, ya wazi inayotawanya marisau mapema kwa visahani vya karibu, ya kubana kidogo kwa kanga wa mbali. Na uzuri wa bunduki inayokunjwa katikati ni kwamba ukiifungua, kila aliye karibu anaona kuwa ni tupu. Kibali kitangulie, bunduki ifuate.

Na mtu yeyote akikupa yake, mpende kiasi cha kumwambia ukweli wewe mwenyewe, mapema, kabla jina lako halijaandikwa. Mungu akupe bunduki inayokutosha, akurudishe nyumbani na wote uliotoka nao, na akujaalie mkwe unayeweza kumtazama usoni bila kumsumbua mshenga.