Afishi za Aktwalite

Juzi vijana wa parokia walichemsha unga wa muhogo ili wabandike matangazo ya hija ukutani. Harufu ya ile gundi, ya moto na chachu kidogo, ilinirudisha katika kambi ya wafanyakazi wa reli nilikokulia, hapa hapa Lubumbashi. Nilikaa kwenye benchi, rozari ikasimama mkononi. Walidhani nimechoka.

Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na baba pamoja na dada yake, tantine Anastazia. Baba alitengeneza breki za mabehewa. Siku moja watu wenye kamera walikuja stesheni kuwapiga picha wafanyakazi. Wiki chache baadaye alipanda treni kwenda kufanya kazi Kamina, asirudi. Nilipouliza, tantine alisema tu, "Kazi njo inamushika kule."

Picha zile zilionyeshwa katika sinema ya kambi, kwenye habari fupi zilizotangulia filamu. Mimi nilikuwa kitandani na surua. Filomena, binti wa jirani, alikuja dirishani akipiga kelele: "Baba yako iko mu aktwalite! Nilimuona na macho yangu!"

Kwa Kifaransa neno hilo ni habari tu. Lakini nyumbani tulisema Kiluba, na kwetu kutwala ni kuchukua. Nilisikia kwamba kuna kitu kinachotwaa watu, nacho kimemtwaa baba. Niliamua kumtoa humo.

Kila Jumatatu, baada ya shule, nilikwenda peke yangu kwenye ukuta wa sinema, kulikobandikwa afishi za aktwalite: herufi nyekundu, meli, mashindano ya baiskeli, askofu akibariki daraja. Nililoanisha karatasi kwa kitambaa, nikasali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, kisha nikaibandua polepole kuanzia chini. Ukipunguza Salamu Maria hata mbili, inachanika.

"Shee! Unapenda makaratasi kupita bantu?" Filomena alinicheka, halafu akaacha kuja kunitafuta. Mchana wenzangu waliruka kamba, nami nilikuwa ndani, nikipitisha kidole usoni mwa watu nisiowajua, mmoja baada ya mwingine.

Afishi ya tisa ilikuwa na garimoshi na wanaume watatu waliotugeuzia mgongo. Yule wa katikati aliinamisha bega la kushoto kama baba. Sikuona uso wake, na hilo lilinifaa: hakuwa na uso wa kunikatalia. Niliiegemeza ukutani, nikapiga magoti, nikasali sala niliyoiona imeandikwa kwa ajili yake.

"Baba yetu uliye Kamina..."

Tantine alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Nilingoja kofi. Aliweka beseni chini, akapiga magoti nyuma yangu, tukamaliza pamoja hadi Amina. Kesho yake alipika gundi mwenyewe na kuibandika afishi juu ya kitanda changu. Tulisali hapo kila jioni kwa miaka mingi. Nilidhani Mungu anamrudisha baba polepole, kama karatasi inavyolegea.

Nilipokaribia kuolewa, padri alijaza karatasi zangu, na mbele ya jina la baba akaandika: marehemu. Tantine ndiye aliyempa habari hizo. Baba alibanwa kati ya mabehewa mawili, akazikwa hukohuko Kamina, kabla sijabandua afishi yangu ya kwanza.

Nilimkuta tantine akimenya viazi vitamu. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia. Hakuinua macho.

"Ulikuwa unaomba muzuri, mutoto. Nilikuwa naogopa utaacha."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, karibu mwaka mzima. Ilinibidi nizeeke kidogo ndipo nielewe kwamba katika mji huu wote hakuwa na kaburi la kaka yake la kwenda kupigia magoti. Mimi nilikuwa namwita baba arudi. Nyuma yangu, kwa sala ileile, tantine alikuwa anamzika.