Kabati la Nyuzi Halitoki

"Hivi dada, nyuzi nazo ni za kufungiwa kabatini kama dhahabu?" jirani alimwuliza siku moja, akichungulia chumba cha kushonea. Mama Nyuzi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alicheka tu, akaendelea kukunja pindo.

Kabati alikabidhiwa na mama mkwe wake. Mama yule, Mungu amrehemu, alianza kwa kuweka nyuzi kikapuni, panya wakazivuruga. Akahamia kwenye kopo la biskuti, unyevu ukazitia sindano kutu. Ndipo seremala akamtengenezea kabati la droo ndogondogo. Alimwachia mkamwana kabati hilo, kastabini ya shaba ya kukinga kidole, yenye nakshi za maua, mkasi wa umbo la ndege korongo, na desturi moja: nguo ikiisha kushonwa, uzi uliobaki unazungushwa kwenye gunzi la hindi, unafungwa pamoja na kipande cha kitambaa chake. Nguo ikichanika hata miaka ikipita, itashonwa kwa uzi wake mwenyewe.

Basi asubuhi moja Mama Nyuzi alitoka kwenye ibada, akamkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ameshalikokota kabati hadi mlangoni. Magunzi yote yako guniani, chungu nzima. Pembeni kasimama bwana wa hoteli, anatafuta mapambo ya ukumbi.

"Shemeji, takataka nimeshakutolea," akasema kwa furaha. "Huyu bwana analichukua."

"Analipeleka wapi?"

"Hotelini. Wageni walitazame."

"Wakitaka kutazama, waje na nguo zilizochanika."

"Lakini ni la mama yetu!"

"Ni lake. Na alinikabidhi mbele yako, nawe mdomo umeujaza mkate. Leo umemeza, umesahau?"

Bwana wa hoteli akakohoa kuficha kicheko. "Basi mama, niuzie hilo pambo," akaonyesha mkasi wa korongo uliokuwa juu ya kabati.

Mama Nyuzi akauchukua, akaushika mkono wa shati la yule bwana, akaukata uzi uliokuwa ukining'inia. Kacha!

"Pambo hili bado liko kazini, baba. Nenda salama."

Yule bwana akaaga. Shemeji akabaki anajikuna kisogo. Mama Nyuzi akavua kitenge cha ibada, akakikunja, akainama kwenye pembe ya kabati.

"Shemeji, shika upande huo, tulirudishe ukutani. Kisha ukae hapa unisaidie kuchambua hayo magunzi, moja moja."