Kona ya Pili ya Hołdowice

Tangu uwanja wetu wa mbio za pikipiki ufungwe, Gerard Wyciślok hakuwahi kuketi akamaliza kikombe kizima cha chai. Ataketi, atainuka, atakwenda dirishani, atarudi, atauliza koleo liko wapi na koleo halina kazi yoyote, halafu utasikia mlango. Jumapili ndizo zilikuwa mbaya kuliko siku zote. Mezani pana nyama ya kuviringisha, kabichi nyekundu na madonge ya viazi, kama kila nyumba ya huku Silesia, Poland, na yeye anakula kama mtu anayekimbilia treni, kisha anavaa koti.

"Unakwenda wapi?" mkewe Truda alikuwa akimuuliza.

"Sijui."

"Basi kata kushoto. Upande mwingine nyinyi hamuujui."

Kwa hilo Truda hakukosea. Mchezo wetu ni wa kukata kushoto tu. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, pikipiki zisizo na breki, na kila kona wanaipita kwa ubavu huku gurudumu la nyuma likirusha udongo hadi kwenye meno ya watazamaji. Tunauita żużel, yaani majivu ya makaa ya mawe, maana zamani ndiyo yaliyomwagwa njiani, na makaa hapa yalijaa hadi kwenye kucha za watu. Gerard siku za kazi alikuwa mgodini, na siku za mbio alikuwa juu ya trekta. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza njia: alimwagilia, alisawazisha, alishindilia. Mgodi ulipofungwa aliinua mabega tu, akaenda nyumbani. Klabu ilipofilisika na kufuli kuwekwa langoni, aliugua.

Miti ikaota njiani. Mibechi, miti myembamba yenye gome jeupe, imejipanga kwenye kona kama wageni waliokosa adabu. Zaidi ya miaka kumi na mitano Gerard aliichungulia kupitia tundu la uzio na kuitukana.

Ndipo halmashauri ikatangaza kuwa eneo lile litauzwa, yajengwe maghala. Mji ukaamka. Benigna Szołtysek, muuza maua wa karibu na kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu toka mtaa wa pili, aliitisha mkutano na kuunda chama. Akaenda halmashauri mara nyingi hata wakaanza kujificha wakimwona. Mwisho wakampa jibu ili wapumue: shirikisho la mchezo litamtuma mkaguzi Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Njia ikipita, chama kitakodishiwa uwanja. Isipopita, maghala. Mkaguzi hana siku nyingine mwaka huo, na halmashauri haina subira nyingine.

Benigna hajamaliza kueleza, Gerard alikuwa nje na shoka.

Miezi ile alikuwa mtu mwingine, ingawa kutulia ndiko hakutulia. Aling'oa mibechi, akachimba mizizi, akagombana na kila aliyeleta udongo kwamba si udongo, ni unga wa keki. Trekta la zamani alilifufua kwa vipuri vya mashine ya kuvunia viazi. Usiku alikoroma, jambo ambalo Truda alikuwa amelisahau, na alilishukuru na kulilaani kwa pamoja.

Tatizo likawa waendeshaji. Mkaguzi haangalii udongo tu. Anataka kuona watu wanne wakiupita kwa kasi ya mbio. Na sisi hatukubakiwa na hata mmoja. Waliokuwa mashujaa wetu sasa wana vitambi na magoti mabovu. Benigna alipiga simu kila mahali, kisha siku moja akasimama mbele ya chama, akajikohoza.

"Nimepata wanne. Wanakuja bure, na wanatuazima mito ya hewa ya kuzungushia uzio, anayeanguka asiumie."

"Wa wapi?" Gerard akauliza.

"Wa mbali kidogo."

"Benigna. Wa wapi?"

"Ligocin."

Ligocin ni ng'ambo ya mto tu, lakini kuna nyumba za Hołdowice ambazo hata mkate wa Ligocin hauingii. Na aliyekubali ni Kajetan Bromboszcz mwenyewe, zamani mwendeshaji wao hatari kuliko wote, siku hizi mwenyekiti wao.

"Afadhali maghala!" Gerard akapiga meza.

"Wewe mzee, rudia hapo nikusikie vizuri," Benigna akamwambia. "Umeng'oa miti kwa mikono ili uje useme afadhali maghala?"

Gerard hakurudia. Alitoka nje akazunguka jengo, kushoto, mpaka hasira ikapungua.

Jumamosi ikafika. Asubuhi na mapema, jua limeshaamka, Gerard yuko juu ya trekta, haro, ile reki kubwa ya chuma ya kuchimbua udongo, nyuma, pipa la maji juu yake. Kazi ilikuwa nyepesi: kulainisha njia nzima sawasawa, kumwagilia sawasawa, kushindilia sawasawa. Alikuwa akipiga mluzi. Ndipo magari ya Ligocin yakaingia langoni, kijani na njano, skafu zao zikipepea madirishani, na mmoja akapiga honi ule mdundo wao, ule ule waliokuwa wakipiga kila waliposhinda hapa kwetu.

Lazima niseme Gerard alichokuwa akikifanya zamani, ingawa mji mzima tulikijua na tulikipenda. Watu wa Ligocin, kwao njia ni ngumu kama sakafu, na hivyo hupenda kupita nje, karibu na uzio, gesi imefunguliwa yote, kasi ya mwisho. Basi kila walipokuja, Gerard alishusha meno ya haro hadi chini kwenye ukingo wa nje wa kona ya pili, akamimina maji, kisha juu yake akatandaza vumbi kavu. Kwa macho, njia moja. Kwa gurudumu, tope la kupandia mpunga. Vijana wetu walijua, walibaki ndani. Wageni walienda nje, pikipiki ikashikwa, na sisi jukwaani tukainua mikono juu.

Asubuhi ile, kwenye ukingo ule ule, alishusha meno na kumimina maji bila kufikiri, kisha aliteremka kwenye trekta na koleo mkononi, akatandaza vumbi kavu, akalipigapiga kwa bapa la koleo kama fundi anavyopiga plasta. Akarudi nyuma hatua chache kutazama kazi yake. Nzuri. Ndipo akazinduka.

Haikuwa mechi. Hakukuwa na wetu wa kubaki ndani. Wote wanne walikuwa wa Ligocin, na kama wangeanguka, wangeanguka kwa ajili yetu.

Aligeuka kulirudia trekta, lakini lango la njia lilikuwa limefunguliwa na mkaguzi ameingia. Bwana Odrobny, mtu mkavu toka mji mkuu, na chuma chake chembamba cha kudunga ardhi. Alizunguka polepole na Benigna pembeni yake. Alidunga hapa, alidunga pale. Kona ya pili aliidunga upande wa ndani, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaendelea. Gerard alisimama kwenye nyasi za katikati, mikono mifukoni, mikono nje, mikono mifukoni.

"Umeifanya vizuri," Benigna alimnong'oneza akipita, macho yamelowa. "Gerard, nadhani tunapita."

Angesema nini? Akisema, ukaguzi unavunjika, mkaguzi anapanda treni yake, na Jumatatu greda zinaingia. Asiposema, huenda hakuna kitakachotokea. Ni majaribio tu, alijiambia, hawatafungua gesi yote. Lakini yeye amewaona waendeshaji maisha yake yote. Hakuna mwendeshaji anayejua majaribio tu.

Jukwaani watu wamejaa, upande mmoja wetu, upande mwingine wao. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikaenea, ile harufu, na wazee wakaanza kulia bila aibu. Pikipiki nne zikaanza kusogea kwenye utepe wa kuanzia. Mwenye kofia nyekundu alikuwa Olgierd, mwana wa Kajetan. Alikuwa amejipanga nje kabisa, na kabla ya kushusha miwani alimpungia baba yake mkono.

Gerard alikimbia. Mzee wa miaka sabini na ushee, buti za mpira miguuni, akakatiza nyasi akapiga kelele ambazo injini zilizimeza, akaingia njiani na kusimama mbele ya utepe, mikono imetanuliwa. Olgierd alizima pikipiki yake gurudumu likiwa karibu kumgusa.

"Umerukwa na akili, babu?"

"Kona ya pili!" Gerard akahema. "Nje. Msiende. Nimeichimba."

Bwana Odrobny akaja. Kajetan naye akaja, akichechemea, bega moja liko chini ya lenzie.

"Umeichimba namna gani?" mkaguzi akauliza. "Kwa bahati mbaya au makusudi?"

"Makusudi. Hapana. Mikono ilifanya yenyewe." Gerard alivua kofia. "Bwana mkaguzi, niliwaona Ligocin wanaingia."

Mkaguzi alimtazama asielewe. Lakini jukwaani walioko karibu walielewa, na mama mmoja wa Ligocin alipiga kofi pajani, akacheka hadi akaketi.

Kajetan hakucheka. Alikwenda hadi kona ya pili, akasukuma kisigino chake kwenye lile vumbi kavu. Kikazama hadi kwenye kifundo. Akarudi polepole, kiatu kimejaa tope, akasimama pua kwa pua na Gerard.

"Bega hili nililivunjia pale. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na ulidhani mimi nilidhani ni bahati mbaya? Miaka yote hii?"

Gerard alitaka ardhi immeze, na kwa tope lile ingeweza.

"Nilimwambia mwanangu jana usiku," Kajetan akasema, "nikamwambia, yule mshenzi akiwa bado hai, kona ya pili usiende nje. Akaniambia, baba, hii si mechi, nani atafanya ujinga huo?" Akapumua kwa nguvu. "Angalau umekimbia. Zamani hukukimbia."

"Mimi nina treni ya jioni," Bwana Odrobny akawakatiza. "Njia hii sasa hivi haipiti. Mkiweza kuishindilia ikauke kabla sijaondoka, nitaitazama. Baada ya hapo, siwezi kuwasaidia."

Trekta moja na roli moja la kushindilia havingeweza, kila mtu aliona. Benigna alifunika uso. Kajetan ndiye aliyegeukia upande wa kijani na njano, akaweka mikono mdomoni.

"Nyie! Mnakaa mnatazama nini? Leteni magari!"

Yakaja. Kwanza yao, kisha yetu kwa wivu. Magari ya familia, gari la kubebea mikate, gari la maua la Benigna, lori la zimamoto la Ligocin lililokuja kutazama tu. Waliikwangua kwanza ile kona, wakamwaga udongo mkavu kwa makoleo, halafu wakaingia foleni moja na kuzunguka, kushoto, kushoto, kushoto, matairi yakiipiga ardhi, madirisha yamefunguliwa na watu wakitukanana toka gari hadi gari.

"Ligocin, pita ndani, nje kuna tope!"

"Hołdowice, hamjui kuendesha, mnajua kumwagilia maua!"

Gerard hakupanda trekta. Alibaki kwenye kona na reki, akivuta udongo mahali ulipotoka, akikimbia kati ya gari na gari, na mkono wowote uliompokonya reki ili apumzike aliusukuma.

Alasiri utepe wa kuanzia ukainuliwa. Wanne wakaondoka pamoja, na Olgierd, kichwa kigumu kama baba yake, akaenda nje kabisa ya kona ya pili na gesi yake yote. Gurudumu likashika, likateleza vizuri, likamwaga udongo juu ya uzio. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Gerard aliipokea ile mvua ya udongo usoni bila kufumba macho.

Bwana Odrobny alidunga tena kona ya pili, mara nyingi safari hii, akakunja chuma chake.

"Njia imepita," alimwambia Benigna. Kelele zilizopigwa zilisikika hadi ng'ambo ya mto. Alingoja zipungue. "Lakini huyu bwana asishike tena maji wala trekta kwenye uwanja huu. Mtafute mtu mwingine."

Benigna alianza kubishana. Gerard akamgusa mkono.

"Mwache. Ana haki."

Akatoa ufunguo wa trekta mfukoni, akaupangusa kwa koti, akampa. Nyumbani usiku ule hakukoroma.

Mtu mwenye cheti cha kutunza njia hakupatikana karibu, isipokuwa mmoja. Kwa hiyo mwezi wa nane, katika mechi ya kwanza ya vijana wapya tuliowasajili, dhidi ya timu ya kaskazini, kwenye lile trekta aliketi Kajetan Bromboszcz wa Ligocin. Gerard alikata tiketi kama watu wote. Hakuwa amewahi kukata tiketi maishani. Truda alimshika kiwiko, maana alikuwa akihama toka mguu huu hadi mguu ule na kuwakanyaga majirani.

Mbio zilipofika katikati tulikuwa tunachapwa. Wageni walikuwa wepesi nje, wepesi mno. Katika mapumziko ya kumwagilia, Kajetan alisogea na trekta hadi kwenye uzio wa kona ya pili, akaliacha linanguruma, akainamia upande.

"Mzee. Unawaona wanavyopita nje?"

"Nawaona."

"Uwanja ni wenu. Sema neno."

Gerard alitazama lile pipa la maji. Alitazama upande wa pili, ambako vijana wawili wa kaskazini walikuwa wanafunga mikanda ya kofia zao wakicheka jambo fulani. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya bomba la uzio, na Truda aliviona.

"Mwaga sawasawa, Kajetan," akasema. "Watu wanangoja."

Mbio iliyofuata wageni walimaliza wa kwanza na wa pili, nje, kando ya uzio, mbali mbele ya wetu. Jukwaa likalipuka. Kijana aliyesimama nyuma ya Gerard alipanda juu ya benchi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mwenye trekta ni msaliti! Ametuharibia udongo! Ligocin huyo!"

Gerard akageuka.

"Udongo uko sawa, mwanangu," akamwambia. "Tumeshindwa tu."

Kisha akageuka tena kutazama njia, maana wanne wengine walikuwa wanasogea kwenye utepe.