Kivuko Kilale Upande Gani

Mji ule mdogo ulikaa ndani ya kona ya mto. Pande tatu maji, upande wa nne kinamasi kisichopitika hata kiangazi. Ukitaka kuingia au kutoka, ulimwita Nahodha. Jina hilo alipewa kwa utani, maana hakuwahi kuendesha chombo chenye injini maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya kivuko cha mbao kilichofungwa kwenye mapipa, kushika kamba nene iliyovutwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na kuivuta mpaka ng'ambo. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana wa kifua mbele. Sasa hata kuinua kikombe cha chai asubuhi kulikuwa kazi ya pili.

Mtaa ulikuwa mmoja tu, kutoka kivukoni hadi shuleni, na maduka mengi yalikuwa yamepigiliwa mbao milangoni. Kushoto kilitoka kichochoro cha kwenda kwenye mashine ya kusaga. Nyumba za ukingoni mto ulizimega kila mafuriko. Kwa kinyozi ulibaki ukuta mmoja, misumari ya vioo bado imo, na kinyozi mwenyewe alikuwa ng'ambo akinyoa watu wa barabarani. Ng'ambo ardhi ilikuwa ya juu na kavu. Barabara kubwa ilipopita huko, zahanati ilifuata, umeme ukafuata, na watu nao wakafuata.

Nani anahama, Nahodha hakuhitaji kuambiwa. Anayekwenda kutembea huvuka na mfuko. Anayehama huvuka na godoro. Lakini wote waliona haya kusema.

"Nalipeleka kulianika tu, huku unyevu umezidi," mtu angesema.

"Ndiyo, ng'ambo kuna jua zuri," Nahodha angejibu, kana kwamba kila upande una jua lake. Kisha angeliweka godoro katikati ya kivuko lisirushiwe maji, na asimtazame mwenyewe usoni. Hakuna aliyewahi kurudi kulichukua godoro lililoanikwa.

Nyumbani kwake, mkewe alikuwa na kifua. Kikibana, alikaa kitandani ameegemea ukuta, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Binti yao aliyeolewa ng'ambo alikuwa amewatengea chumba.

"Baba watoto," alisema mkewe asubuhi moja, akipuliza moto huku akikohoa, "mimi mafuriko ya mwaka huu siyasubiri."

"Nani kakwambia usubiri?"

"Hakuna. Wewe husemi kitu. Nikikohoa unageukia ukutani."

Nahodha alikuna kiganja chake, kigumu kama soli. "Na kivuko je?"

"Kivuko kina kamba, hakina miguu. Kilaze ng'ambo, asubuhi uje nacho."

Aliyasema kirahisi, lakini wote wawili walijua uzito wake. Tangu zamani kivuko kililala upande wa mji. Mtu akizidiwa usiku, ndugu zake waligonga dirisha la Nahodha, naye akatoka na shuka begani kumvusha mgonjwa zahanati. Kikilala ng'ambo, mji mzima umefungiwa hadi asubuhi. Na mkwe wa mwenye mashine alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka.

Siku ile Nahodha alivusha watu kama kawaida. Jioni mkewe alifika kivukoni na godoro kichwani, kalifunga kwa kanga, akipumzika kila hatua chache. Nahodha alimpokea, akaliweka katikati kama alivyoyaweka ya wengine.

Fundi cherehani, mzee mwenzake waliyekua pamoja, alikuwa amekaa pale kwenye gogo.

"Shemeji, unakwenda kuanika?" aliuliza.

"Nakwenda kupumua, shemeji," mkewe alijibu. "Na huyu nakwenda naye."

Fundi alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Kwa hiyo tuombe tusiugue usiku."

"Hakuna mwingine wa kuvuta?" Nahodha aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Nani? Mimi na mikono hii ya kutunga uzi? Mwenye mashine na mgongo wake? Vijana uliwavusha wewe mwenyewe."

Nahodha aliinamisha kichwa. Hilo lilimwingia. Alitazama mtaani, akamwona yule mkwe mjamzito amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anawatazama. Kisha alimgeukia mkewe, ambaye alikuwa ameketi juu ya godoro, midomo imepauka, mabega yakipanda na kushuka.

"Nyuma ya duka lako kuna bati," alimwambia Fundi. "Likitokea jambo, lipigeni kwa nguvu."

"Utasikia?"

"Nitasikia."

"Upepo ukitoka huko ng'ambo je?"

"Nimesema nitasikia, bwana."

Fundi alisimama, akakifungua kivuko yeye mwenyewe, akakisukuma kwa mguu.

Ng'ambo, chumba cha binti kilikuwa kikavu, sakafu ya saruji, taa ya umeme darini. Mkewe alilala mara moja, na pumzi ilitoka vizuri kuliko miezi mingi iliyopita. Nahodha alilisikiliza hilo kwanza, akashukuru kimyakimya. Kisha aliinuka, akafungua dirisha la upande wa mto, akageuza mto wa kulalia ili kichwa kiwe huko. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Lori lilipita barabarani, kisha lingine.

Mkewe alifumbua macho. "Mbona umefungua? Baridi inaingia."

"Joto," alisema.

"Joto gani, baba watoto?"

Alikuwa ametega sikio upande wa mtoni. Mkewe alimtazama kitambo, akajivutia shuka hadi shingoni, akamwachia dirisha wazi.